Tunahama na Gari: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kufika Mpakani



Mwenzetu mmoja wa kikundi alihama. Bwana wake alipata kazi Kampala, akatangulia, akapanga nyumba, kisha akamwita bibi na watoto. Tulipika pamoja, tukala, tukamtakia safari njema. Alfajiri ya siku ya posho gari yao ndogo ilitoka Butembo imejaa: magodoro mawili juu, masufuria, mashine ya kushona, na watoto wanne nyuma wakipigania dirisha.

Siku ya nne akatupigia simu. Yeye alikuwa amevuka. Watoto walikuwa wamevuka. Gari haikuvuka.

Pale mpakani aliulizwa: "Mwenye gari ni nani?" Akajibu: "Ni mimi." Wakamwonyesha karte roze. Jina lililoandikwa lilikuwa la mwanaume ambaye yeye hakuwahi kumwona. Gari aliinunua miaka mitatu nyuma kwa mfanyabiashara, naye mfanyabiashara alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine, na hakuna aliyebadilisha jina. Hapa kwetu jambo hilo halikumsumbua hata siku moja. Polisi wa barabarani walimzoea, majirani walijua gari ni ya mama fulani. Lakini mpakani majirani hawaitwi kutoa ushuhuda.

Tangu siku hiyo tumezungumza sana katika kikundi. Tumesikiliza wenzetu wawili waliohama na gari na kufika vizuri, na bwana wa mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuwa deklaran wa duane. Haya ndiyo tuliyokusanya. Tunatumia mfano wa njia yetu, ya Kasindi kuelekea Uganda, juu ndiyo wengi wetu tunaijua.

Kwanza: gari hii inafaa kwenda?

Swali hili ndilo tunaloruka, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Tunapenda gari yetu. Imetupeleka hospitali usiku, imebeba makala na maharagwe, imewapeleka watoto kwenye mitihani. Tunaona ni kama mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba haachwi nyuma.

Lakini kila nchi ina sheria yake juu ya umri wa gari. Tangu mwaka 2018, Uganda inakataza kuingiza gari yenye miaka 15 au zaidi, isipokuwa aina chache kama malori makubwa. Kenya ni kali zaidi: haipokei gari iliyopita miaka 8. Na miaka hiyo haihesabiwi tangu gari ilipofika Butembo au Beni. Uganda inaihesabu tangu gari ilipotengenezwa. Hapo wengi tunakosea. Tunasema, "Gari yangu ni ya juzi, niliipata miaka minne iliyopita," kumbe ilikuwa imezunguka Japani miaka 12 kabla ya kupanda meli kwenda Mombasa.

Ukitaka kujua mwaka, usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Tazama makaratasi ya duane yaliyoingiza gari Congo. Tena vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho: kwenye gari nyingi kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa chini, chenye tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda huo. Si karatasi ya serikali, lakini itakusaidia kujua kama unadanganywa.

Kisha fanya hesabu ya feza. Kodi ya kuingiza gari haifuati bei uliyonunulia. Duane ina vitabu vyake vya bei, na inahesabu pia gharama za usafiri. Tuchukue mfano: duane ya Uganda inasema gari yako ni ya dola 4,000. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Kodi ya TVA ni asilimia 18, nayo inahesabiwa juu ya bei pamoja na ushuru, yaani juu ya dola 5,000. Hiyo ni dola 900. Sasa umefika dola 1,900, na bado hujahesabu kodi ya mazingira inayotozwa gari za zamani, plake mpya, na kazi ya deklaran.

Ukiona hesabu hiyo inakaribia bei ya gari yenyewe, kaeni chini bwana na bibi mzungumze. Kuuza gari hapa, kwa utulivu, kwa mtu unayemjua, kunaweza kuwaletea feza ya kulipa nyumba na masomo kule mnakokwenda. Kuuza gari mpakani kwa sababu umekwama, hiyo ni kuitupa. Wanaonunua gari mpakani wanajua kusoma uso wa mtu aliyechoka.

Jina lililo kwenye karte roze

Ikiwa mmeamua gari iende, toa karte roze leo, si juma la safari. Soma jina. Soma namba ya shasi, herufi kwa herufi, kisha fungua boneti ulinganishe na ile iliyochongwa kwenye chuma. Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina namba fupi yenye kistari katikati, na ni rahisi mwandishi kukosea: sifuri inageuka herufi O, namba 1 inageuka I. Herufi moja tu inatosha kukurudisha nyumbani, juu namba hiyo ndiyo polisi wanaitumia kutafuta gari za wizi. Nchi nyingi za jirani zinaomba pia karatasi ya polisi inayohakikisha kwamba gari haikuibiwa. Iulizie mapema.

Ikiwa jina si lako, fanya kazi ya kulibadilisha. Hiyo inaomba karatasi ya mauzo iliyowekwa sahihi na muuzaji, na mara nyingi noteri. Muuzaji akiwa amehamia Kisangani au Kinshasa, kumtafuta kunakula majuma. Ndiyo maana tunasema: leo.

Ikiwa jina ni la bwana, naye ametangulia, usifikiri cheti cha ndoa kinatosha. Aandike barua ya uwezo, ile tunayoita prokirasio, ipigwe muhuri na noteri, na iseme wazi kwamba wewe, kwa jina lako lote kama lilivyo kwenye pasipoti, unaruhusiwa kuvusha gari hiyo, yenye namba hiyo ya shasi, na kuitolea maelezo kwenye duane. Barua inayosema tu "namruhusu bibi yangu kuendesha" haitoshi. Kuendesha ni jambo moja, kuhamisha mali kutoka nchi mpaka nchi ni jambo lingine.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Katika kikundi chetu tulihesabu gari ambazo wamama walichangia kuzinunua, kwa feza ya mafuta ya mawese, ya vitenge, ya likelemba. Karibu zote ziliandikwa kwa jina la bwana, la shemeji, au la kaka. Hakuna sheria inayoomba hivyo. Tangu Sheria ya Familia ya Congo irekebishwe mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana kwa ajili ya mambo ya sheria. Bwana na bibi wanaombwa wasikilizane. Kuandika gari kwa jina la mama si vita nyumbani. Ni kujua kwamba siku ya safari, siku ya ugonjwa, au siku ya msiba, aliyeshika usukani ana karatasi mkononi. Mwenzetu mmoja mjane alitueleza jinsi gari aliyoisaidia kulipia ilivyoondoka uwanjani siku arobaini baada ya maziko, juu jina lilikuwa la shemeji. Hakusimama mpakani. Alikwama kwenye mlango wa nyumba yake.

Kutembea si kuhama

Kuna milango miwili ya kuingiza gari katika nchi ya watu. Wa kwanza ni wa mgeni. Unaingia na plake za Congo, unapewa kibali cha muda, kisha unarudi na gari yako. Wa pili ni wa mtu anayehama. Huyo gari yake inabaki, inapata plake mpya, inakuwa gari ya nchi ile.

Wengi wanapita mlango wa kwanza huku mioyo yao iko kwenye wa pili. Wanachukua kibali cha muda, wanafika, wanaweka watoto shuleni, kibali kinaisha, na gari inaendelea kuzunguka. Siku wakisimamishwa, duane inaona gari iliyoingizwa bila kulipiwa kodi. Inaweza kushikwa. Kibali cha muda kina tarehe. Iandike ukutani jikoni, karibu na kalenda ya chanjo za mtoto.

Kwa mtu anayehamisha makao, sheria ya duane ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ina mlango wa huruma. Inaruhusu mtu mzima, mwenye miaka 18 au zaidi, aingize gari moja bila ushuru, ikiwa gari hiyo ilikuwa mali yake mwenyewe na aliitumia kwa muda wa miezi 12 au zaidi kabla ya kuhama. Haihusu basi dogo lenye viti zaidi ya 13, wala gari ya mizigo inayobeba zaidi ya tani 2. Mizigo ya mtu anayehama inatakiwa ifike ndani ya siku 90 tangu yeye alipofika, isipokuwa duane imempa muda zaidi. Na ukiisha kupata huruma hiyo, ukimuuzia gari mtu asiye na haki hiyo, kodi uliyosamehewa inadaiwa.

Mnaona sasa kwa nini tulilia juu ya jina la karte roze? Miezi 12 inahesabiwa kwa makaratasi. Mtu aliyekaa na gari miaka mitatu bila kubadilisha jina, mbele ya duane ni kama hakuwahi kuwa nayo.

Kuna jambo lingine la kuuliza. Sheria ile inazungumza juu ya mtu anayetoka nje ya nchi za Jumuiya. Congo iliweka sahihi ya kuingia katika Jumuiya mwezi wa nne 2022. Wengine wanasema, "Basi sasa gari zinapita bure." Hapana. Duane ziko palepale, pande zote mbili. Kwa hiyo msikisie. Mtu wenu aliyetangulia aende kwenye ofisi ya duane ya mji mnakohamia, na kopi za makaratasi yote, aulize: gari hii, ya mwaka huu, ya mtu huyu, itapita kwa mlango gani na itaombwa kiasi gani? Aombe jibu lililoandikwa. Mmoja wa wenzetu waliofika vizuri alifanya hivyo tu. Alijua hesabu yake kabla hajafunga sanduku hata moja.

Kumbukeni pia upande wetu. Gari inayotoka Congo kwa kuhama inaelezwa kwenye duane ya Congo pia. Beba yale makaratasi yaliyoiingiza zamani, na risiti za kodi. Usiache karatasi yoyote kwa kufikiri kwamba kazi yake imekwisha.

Karte jaune ni mbili

Hili lilituchekesha, kisha likatufundisha. Mwenzetu mmoja aliambiwa kwenye simu, "Usisahau karte jaune." Akabeba ya chanjo, yake na ya kila mtoto. Mpakani akaombwa karte jaune ya gari.

Ya kwanza ni ya afya: inaonyesha chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo hiyo inakubaliwa kwa maisha yote, kwa hiyo ukiwa na kadi nzima usikubali kuambiwa kwamba imepita muda kwa sababu ina zaidi ya miaka kumi. Ya pili ni ya asiransi, ya nchi za COMESA. Congo na Uganda ziko zote katika mpango huo. Unaichukua kwa kampuni ya asiransi ya gari yako kabla ya safari, nayo inalipa ikiwa umemgonga mtu au umeharibu mali ya mwingine katika nchi zilizoandikwa juu yake. Haitengenezi gari yako wewe. Na ukiisha kupata plake za nchi mpya, utahitaji asiransi ya kule.

Siku ya kuvuka

Ondokeni mapema. Saa ya Kasindi na saa ya Mpondwe hazilingani: kwetu ikiwa saa mbili ya asubuhi, kwao imekwisha kuwa saa tatu. Ukifika saa tisa ya kwetu ukidhani una muda, ng'ambo ni saa kumi na watu wanaanza kufunga madaftari. Usipange kufika siku ya posho. Mwenzetu alifika siku hiyo, na siku mbili za kwanza alizimaliza akingoja tu.

Watoto wadogo, ikiwezekana, wavuke na mtu mzima mwingine kwa njia ya kawaida, waende kwa ndugu. Watu wengi wa huku wana jamaa ng'ambo. Banande na Bakonjo wanasikilizana bila mkalimani. Mtoto mwenye njaa anaharakisha mama kuweka sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisoma.

Andika orodha ya kila kitu kilicho ndani ya gari, kopi tatu. Vitu vya nyumba vilivyotumika ni vya kuhama. Katoni sita za sabuni mpya ni biashara, hata ukisema ni za kufulia nguo zako, na zinaweza kuharibu maelezo yako yote.

Deklaran mtafute kabla ya safari, kwa kuulizia watu waliofanya kazi naye. Mwenzetu, katika uchovu wake, alifuatwa na kijana aliyevaa vizuri, mwenye faili mkononi, aliyesema, "Mama, nipe 250, jioni unalala Kampala." Akampa. Kijana hakuonekana tena. Feza yoyote ya serikali ina risiti yenye jina la ofisi na muhuri. Deklaran wa kweli ana ofisi na kibali cha kazi, na hachoki ukimwomba avionyeshe.

Mwisho, usukani. Congo tunapita upande wa kuume. Uganda, Kenya na Tanzania wanapita upande wa kushoto. Gari zetu nyingi zina usukani wa kuume, kwa hiyo kule utaona barabara vizuri kuliko hapa. Hatari iko kichwani mwa dereva, hasa kwenye mzunguko wa barabara na unapotoka kituo cha mafuta asubuhi. Kilomita za kwanza mtu aliyekaa pembeni awe anakumbusha kwa sauti: "Kushoto." Ukifika, uliza mapema permi yako ya Congo inakubaliwa kwa muda gani.

Mwenzetu alifanya nini?

Kaka yake alikuja akairudisha gari Butembo. Mizigo ilivuka kwa gari ya kukodi. Baada ya majuma matatu ya simu, mwenye jina la kwanza alipatikana, akaweka sahihi, na karte roze ikatoka kwa jina la mwenzetu. Ndipo deklaran yule tuliyemwambia habari akavuta mkanda wa usalama na kutazama makaratasi ya zamani. Gari ilikuwa ya mwaka 2006. Hata kama jina lingekuwa sawa siku ile ya kwanza, isingepokelewa kukaa.

Aliiuza hapa. Kwa sababu karatasi ilikuwa safi na kwa jina lake, mnunuzi hakupata neno la kushushia bei. Feza ililipa nyumba ya miezi sita na masomo ya watoto wawili. Sasa anapanda teksi kama majirani zake wapya. Anasema hasikitiki kuiacha gari. Anasikitikia siku tatu za bariyeri na zile dola 250, ambazo ungeweza kuziepuka kwa kusoma karatasi moja.

Basi, mama, kabla hujalala leo toa karte roze kwenye sanduku. Mbele ya mkutano wetu ujao, kila mmoja ajibu haya matatu nyumbani kwake:

1. Gari, pikipiki au mashine ya kusaga ya nyumba yetu imeandikwa kwa jina la nani?
2. Aliyeandikwa akisafiri, akiugua au akifariki, ni karatasi gani itabaki mkononi mwangu?
3. Tukiambiwa leo tuhame, gari hii tungeipeleka au tungeiuza, na hesabu yake ni gani?

Ulete majibu. Ukiona aibu kuyasema mbele ya wote, mwambie mmoja wetu pembeni. Mwenzetu wa Kampala ameahidi kutupigia simu siku hiyo, na amesema atauliza kila mmoja kwa jina.